Sanduku ndani ya kalamu?

Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel, mwanaisimu na mwanafalsafa wa Israeli, alitoa sentensi moja ya Kiingereza kueleza kwa nini aliona kompyuta haitafikia kutafsiri kama binadamu: "The box was in the pen." Mtoto John anatafuta sanduku lake la midoli, analipata, na sanduku lilikuwa kwenye "pen". Sisi watafsiri tunaijua sana sentensi hii. Ukikimbilia maana ya kwanza, sanduku linaingia ndani ya kalamu! Kumbe inayosemwa ni kizimba cha kuchezea mtoto.

Wengi hudhani hilo ni neno moja lililotanuka maana. Sivyo. "Pen" ya zizi na kizimba ni ya Kiingereza cha kale. Ile ya kuandikia ni ya Kilatini, "penna", yaani unyoya, iliyopitia Kifaransa. Enzi hizo watu waliandika kwa unyoya wa bata bukini uliochongwa ncha. Huko Marekani mitaani ipo ya tatu, gereza, na hiyo ni "penitentiary" iliyokatwa mkia. Kamusi makini huyatenga kwa tarakimu ndogo juu ya kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa, kila moja na etimolojia yake, yaani asili ya neno. Nasi tuna homonimu zetu, maneno yanayofanana kwa umbo lakini maana mbalimbali, ila ngeli hutuokoa: kaa la moto, kaa wa baharini. Kiingereza hakina ngeli za kukuonyesha njia, kwa hiyo soma sentensi ya kabla na ya baada.

Sasa "pencil". Wanafunzi wangu huapa kuwa ni mtoto wa "pen", na wala siwalaumu, lakini hayana undugu. Asili yake ni Kilatini "penicillus", mkia mdogo, jina la brashi ya mchoraji, na hata Waingereza walianza kwa kuiita hivyo brashi nyembamba. Ndugu yake wa damu yuko hospitalini: penisilini. Kuvu wa jamii ya Penicillium akitazamwa kwa hadubini ana vijitawi kama brashi, na Alexander Fleming, aliyeigundua dawa hiyo London mwaka 1928, aliipa jina kutokana na kuvu huyo.

Grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli, ilipochimbwa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, katika karne ya 16, watu waliidhania kuwa aina ya risasi, ile metali. Mwaka 1779 mkemia Carl Wilhelm Scheele alionyesha kuwa ni kaboni, lakini jina lilikuwa limeshaganda: Waingereza bado husema "lead", na kamusi zetu bado zina "kalamu ya risasi".

Kalamu nayo tumeipata kwa Waarabu, ila asili yake ni Kigiriki, "kalamos", yaani tete. Anayeandika etimolojia yake akaishia kwenye Kiarabu, kazi ameiacha njiani.