Huduma ya kwanza ni nini pale uhai unapokuwa hatarini?

Huduma ya kwanza ni msaada ambao mtu aliyeumia au kuugua ghafla hupewa na yeyote aliye karibu naye, kabla hajafika mikononi mwa mtaalamu wa afya. Haikusudii kuponya. Katika dharura inayotishia uhai, kazi yake ni kuhakikisha kwamba hewa inaendelea kuingia mapafuni na damu inaendelea kuzunguka mwilini, na mengine yote, hata mfupa uliovunjika, yanaweza kusubiri. Ndiyo maana palipo na majeruhi wengi, anayepiga kelele si wa kukimbiliwa kwanza, kwa kuwa kelele zenyewe zinaonyesha kwamba anapumua. Atangulie kuangaliwa yule aliyenyamaza.

Mtu mzima ana takribani lita 5 za damu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika anaweza kufariki ndani ya dakika chache. Hata hivyo, katika ajali nyingi za bodaboda jambo linaloharakishwa ni kumpakia majeruhi kwenye gari lolote linalopita, huku damu ikiendelea kumwagika njia nzima. Wakati mmoja anapiga simu ya dharura, ambayo Kenya na Tanzania ni 112, mwingine achukue kanga safi, aikunje mara kadhaa, aiweke pale hasa damu inapotokea na kuikandamiza kwa viganja viwili, mikono ikiwa imenyooka ili uzito wa mwili wake usaidie. Asiifunue kutazama kama damu imekoma, kwa sababu kila anapofunua hubandua damu iliyoanza kuganda. Ikilowa, aongeze kitambaa kingine juu yake na kukandamiza kwa nguvu zaidi. Kisu au chuma kilichobaki mwilini hakichomolewi, bali hukandamizwa pembeni mwake. Anayesaidia naye ajikinge kwa glavu, au kwa mfuko wa plastiki pale zinapokosekana.

Mtu asiyeitika na asiyepumua kawaida huchukuliwa kuwa moyo wake umesimama, na kutweta kwa vipindi kama anayekoroma kusihesabiwe kuwa ni kupumua. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika baada ya takribani dakika 4, muda ambao gari la wagonjwa hulifikia eneo la tukio kwa nadra sana. Hapo hubonyezwa katikati ya kifua, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikiachwa kirudi juu kabla ya kubonyezwa tena. Mhandisi William Kouwenhoven na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza mbinu hiyo mwaka 1960. Kabla ya hapo madaktari walilazimika kupasua kifua na kuukanda moyo wenyewe kwa mkono. Asiyefundishwa kupuliza pumzi abonyeze tu bila kukoma.

Aliyezama majini ni tofauti, kwa kuwa yeye amekosa hewa tangu mwanzo, hivyo pumzi za mdomo kwa mdomo hutangulia, kisha kifua. Kumning'iniza kichwa chini au kumminya tumbo ili atapike maji, desturi ambayo bado ipo katika fukwe na vijiji vyetu, humpotezea dakika alizobakiwa nazo, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Aliyezimia lakini anapumua hulazwa ubavu, kichwa kikirudishwa kidogo nyuma ili ulimi usizibe njia ya hewa. Hanyweshwi maji wala soda.

Huduma ya kwanza hukoma pale mhudumu wa afya anapompokea mgonjwa, na sehemu yake ya mwisho ni maelezo: nini kilitokea, saa ngapi, damu ilivuja kiasi gani, na ni lini alipoacha kuitika.