Pipa la maganda halizai protini

Niliitwa kwa mfugaji mmoja pembeni ya Ifakara, mwenye bata 60 wa nyama. Alifunua pipa lake la chakula cha bata kwa fahari, na kweli kazi ilikuwa safi: maganda ya muhogo yamechachuka sawasawa, yananukia kama togwa iliyolala, ukungu hakuna. Shida ilikuwa bandani. Bata wa wiki 5 walikuwa na umbo la wiki 3, manyoya machache, wawili wanaburuza miguu.

"Bwana mifugo, si wanasema ukichachusha protini inapanda?"

Wanasema, ndiyo, nami huulizwa kila wiki. Bakteria wa pipani hula sukari wakatoa asidi, basi. Ganda la muhogo huingia na protini kama asilimia 5 na kutoka na hiyohiyo, au juu kidogo kwa kuwa wanga umepungua. Kifaranga wa bata anataka asilimia 20 hivi katika wiki 2 za mwanzo. Miguu nayo ni upungufu wa niasini (vitamini B3): bata anaihitaji kuliko kuku.

Mbona basi nami nachachusha? Kwanza sianidi. Ukiponda maganda na kuyaacha yachachuke, sehemu kubwa ya sumu hiyo hutoka. Pili masika: maganda hayakauki, yanaota ukungu kabla hujageuka, lakini ndani ya pipa lililobanwa hayaharibiki. Na ukungu kwa bata si wa kuchezea. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Baadaye maabara zikawa zinapima sumu hiyo kwa vifaranga vya bata, maana dozi ndogo tu huwadhuru. Pumba iliyokwisha kuota ukungu usiitie pipani ukidhani itatakasika. Itupe.

Mimi huponda kilo 70 za maganda, nachanganya na kilo 20 za pumba laini (si yale makapi ya mashineni, hayo ni matandiko) na lita 2 za molasi iliyozimuliwa. Kamata konzi moja, ubane: ikishikamana na vidole vikalowa bila kuchuruzika, maji yametosha. Shindilia mpaka hewa iishe, funika, ngoja siku 7.

Mfugaji yule hatukumwaga pipa lake. Tulilipunguza likawa moja ya tano ya mlo, tukipima kikavu, maana nusu ya uzito wa pipa ni maji na hapo ndipo wengi wanajidanganya. Pengo tulijaza kwa mashudu ya alizeti, dagaa na machicha ya pombe ya kienyeji, ambayo hamira yake ina niasini. Vifaranga chini ya wiki 3 hawagusi pipa kabisa.

Anawawekea asubuhi. Saa sita mchana kilichobaki kinatolewa na kihori kinasuguliwa, kwa sababu bata huingia na mdomo uliojaa tope, na kufikia jioni kile chakula si chako tena, ni cha nzi.