Modeli Isifungwe kwenye Eneo la Majina: Kuandika XML kwa Skima Zaidi ya Moja

Programu ninayoitunza hapa Mwanza hupokea taarifa za samaki wanaoshushwa katika mialo ya Ziwa Victoria: mtumbwi gani umefika, kwenye mwalo gani, ukiwa na sangara kilo ngapi, sato kilo ngapi na dagaa ndoo ngapi. Ndani ya programu kila upakuaji ni kitu kimoja cha modeli, na maana yake haibadiliki kwa kufuata atakayekisoma. Kinachobadilika ni hati ya XML (maandishi ambamo kila taarifa hufungwa kwa alama zenye jina lake) inayotoka, kwa sababu mpokeaji mmoja bado anatumia skima (kanuni za muundo wa hati) ya zamani, mwingine amehamia skima mpya, na wa tatu, ambaye kazi yake ni ramani, anataka mahali pa mwalo paandikwe kwa GML, yaani XML ya taarifa za kijiografia. Kila skima ina eneo lake la majina (namespace), yaani utambulisho unaotenganisha majina yake na ya skima nyingine. Msimamo wangu ni kwamba modeli haipaswi kulijua hata mojawapo ya maeneo hayo.

Tuanze na jina lenyewe. Tangu W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipotoa kanuni za maeneo ya majina mwezi Januari 1999, jina kamili la kipengele cha XML ni jozi ya vitu viwili: URI ya eneo (maandishi yenye umbo la anuani yanayolitambulisha) na jina la ndani. Kiambishi kinachotangulia nukta mbili ni kifupisho tu, na mwandishi wa hati ana hiari ya kukichagua. Kwa hiyo hati hizi mbili zinasema jambo lile lile:

<m:upakuaji xmlns:m="urn:example:mwalo:1">
  <m:samaki aina="sangara" kilo="42"/>
</m:upakuaji>

<upakuaji xmlns="urn:example:mwalo:1">
  <samaki aina="sangara" kilo="42"/>
</upakuaji>

URI hulinganishwa herufi kwa herufi, hivyo mkwaju mmoja ukiongezwa mwishoni, au herufi ndogo ikiandikwa kubwa, eneo linakuwa jingine kabisa. Programu inayosoma XML haifungui anuani hiyo mtandaoni. Kwake ni utambulisho, basi. Tazama pia sifa za aina na kilo: katika hati zote mbili hazimo katika eneo lolote, kwa kuwa tamko la xmlns lisilo na kiambishi haligusi sifa. Sifa ikitakiwa iwe ndani ya eneo fulani, ni lazima ipewe kiambishi.

Ugumu unaowasumbua wengi hutoka kwenye skima yenyewe. Katika XSD, lugha ya W3C ya kuandika skima, elementFormDefault isipotajwa huhesabiwa kuwa unqualified, maana yake kipengele cha juu kinakuwa ndani ya eneo la majina la skima, lakini vipengele vilivyotangazwa ndani yake vinaandikwa bila eneo lolote. Kwa skima ya namna hiyo, zote mbili nilizoonyesha juu zitakataliwa, na iliyo sahihi ni ile yenye m:upakuaji nje na samaki mtupu ndani. Macho hayaioni tofauti hiyo kwa urahisi, ndiyo maana nashauri mstari huo wa XSD usomwe kabla ya kuandika msimbo wowote.

Sasa tuje kwenye msimbo. Njia iliyozoeleka katika Java ni JAXB, zana ya kugeuza vitu vya Java kuwa XML na kinyume chake, ambapo eneo la majina huandikwa kama alama juu ya darasa au katika package-info. Kwa skima moja, njia hiyo ni nzuri sana. Skima ya pili ikifika, alama zile zimekwisha kulifunga darasa na URI moja, na hapo watu hunakili kifurushi kizima cha madarasa, au hubadilisha URI katika maandishi baada ya hati kukamilika. Njia hii ya pili siikubali hata kidogo. Thamani ya xsi:type (sifa inayotaja aina ya kipengele katika skima), kwa mfano "m:SamakiWaMizani", ni jina lenye kiambishi lililokaa ndani ya thamani ya sifa, na zana nyingi zinazobadilisha viambishi vya vipengele haziligusi. Kiambishi kikibadilika nje, lile la ndani linabaki likielekeza mahali pasipokuwepo.

Wapo wanaoweka kichujio kinachobadilisha URI wakati hati inaandikwa. Hicho hufaa pale tu ambapo skima mbili zinatofautiana kwa URI peke yake, hali ambayo ni adimu. GML inaonyesha hivyo vizuri. Toleo la 3.1 linatumia http://www.opengis.net/gml, na la 3.2 linatumia http://www.opengis.net/gml/3.2, lakini katika 3.2 kila umbo, hata nukta moja, ni lazima liwe na sifa ya gml:id, ambayo katika 3.1 ilikuwa ya hiari. Ukibadilisha URI tu, umepata hati ya 3.2 kwa jina, na kikaguzi kitaikataa.

Ninachofanya ni kuandika darasa dogo la uandishi kwa kila mpokeaji. Darasa hilo hupokea kitu cha modeli na kukiandika kwa XMLStreamWriter, zana ya Java inayoandika XML hatua kwa hatua, na URI zake zote zimo humo kama viwango visivyobadilika. Tahadhari moja: kwa kawaida XMLStreamWriter haitangazi maeneo ya majina yenyewe, hivyo ama uite writeNamespace, ama uwashe isRepairingNamespaces tangu mwanzo.

Faida ya mgawanyo huu huonekana hasa kwenye mahali pa mwalo. Modeli inahifadhi latitudo na longitudo kama sehemu mbili zenye majina, na mpangilio wake huamuliwa na anayeandika. Kwa srsName (sifa ya GML inayotaja mfumo wa majiranukta) ya urn:ogc:def:crs:EPSG::4326, latitudo hutangulia, hivyo mwalo wa Mwanza huandikwa -2.52 32.90. Zikigeuzwa, mwalo unahamia mashariki mwa Moroko, na hakuna kikaguzi cha XSD kitakacholalamika, kwa sababu zote mbili ni namba halali.

Katika majaribio, kila hati ikaguliwe kwa XSD ya mpokeaji wake kila programu inapojengwa. Msilinganishe maandishi kwa maandishi, wala msitegemee Canonical XML (kanuni za kuandika hati ya XML kwa umbo moja la kawaida) kuondoa tofauti za viambishi, kwa kuwa yenyewe huviacha kama vilivyo. Linganisheni jozi za URI na jina la ndani. Na kwa mnaosoma XML kwa DocumentBuilderFactory ya Java, iteni setNamespaceAware(true) kabla ya kusoma chochote, maana bila hivyo inasoma hati kana kwamba maeneo ya majina hayapo.