Je, wajua kwa nini VirtualBox na Hyper-V hugombana ndani ya kompyuta moja?

Una kompyuta ya Windows yenye RAM ya kutosha, na mashine pepe ya Linux (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta halisi) uliyoitengeneza kwa programu ya VirtualBox inakwenda vizuri. Unawasha Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuendesha mashine pepe kwenye Windows, au unasakinisha programu inayoiwasha bila kukuambia, na ghafla ile mashine ya Linux inagoma kuwaka au inakwenda kwa kujikokota. Wengi hukimbilia kununua RAM. Tatizo haliko huko.

Kila mashine pepe husimamiwa na haipavaiza, kama VirtualBox au Hyper-V, programu inayoufanya mfumo endeshi uamini kwamba kompyuta yote ni yake. Tangu Intel walipotoa VT-x mwaka 2005, na AMD wakaleta AMD-V mwaka 2006, prosesa zenyewe husaidia kazi hiyo: zina ngazi ya mamlaka iliyo juu hata ya mfumo endeshi. Kwenye kila kiini cha prosesa, ngazi hiyo hushikwa na haipavaiza moja tu kwa wakati mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Hyper-V huwahi kuishika, kwa sababu huanza kabla ya Windows. Ndiyo maana, ukishaiwasha, hata Windows unayoitumia kila siku inakuwa inaendeshwa juu yake, ingawa kwa upendeleo, maana bado ndiyo inayoshughulika na vifaa. VirtualBox huingia baadaye kama programu ya kawaida. Ikiomba VT-x, inakuta imeshachukuliwa.

Zamani dawa ilikuwa kuizima Hyper-V kwa amri ya bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha kuwasha kompyuta upya. Kwa anayetumia WSL 2, yaani Linux inayokwenda ndani ya Windows, hiyo ni adhabu, kwa kuwa WSL 2 nayo imejengwa juu ya msingi wa Hyper-V. Nafuu ilianza na VirtualBox 6.0, Desemba 2018, iliyokubali kufanya kazi kupitia Hyper-V badala ya kushindana nayo. VMware Workstation 15.5.5, programu nyingine ya mashine pepe, ikafuata mwaka 2020. Gharama yake ni kasi: ukiona alama ya kobe chini ya dirisha la VirtualBox, mashine yako inapitia kwa Hyper-V.

Kwenye Linux ugomvi ni kati ya VirtualBox na KVM, haipavaiza iliyomo ndani ya Linux yenyewe. KVM ilikuwa ikishika VT-x pale tu mashine yake inapowashwa, hivyo watu walitumia kwa zamu. Linux 6.12, ya mwaka 2024, ilibadilisha hilo: KVM ikawa inaishika mara tu inapopakiwa, na watumiaji wa VirtualBox wakakutana na kosa la VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Kuongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye vigezo vya kuwashia Linux hurudisha utaratibu wa zamu.

Kontena, yaani vyumba vinavyotenganisha programu ndani ya Linux, kama zile za LXC, haziingii kabisa kwenye ugomvi huu. Hutumia kerneli (moyo wa mfumo endeshi) ileile ya Linux iliyopo, wala haziihitaji VT-x. Proxmox, mfumo wa kuendeshea seva, huendesha mashine za KVM na kontena za LXC kwenye seva moja kwa wakati mmoja, na kwa anayetaka kuchanganya mashine pepe na kontena, mimi ningemshauri aanzie hapo.