Namba ya pili ya sefu

Desemba iliyopita niliitwa na hoteli moja ya ufuoni hapa Malindi, baada ya isha. Mama mmoja wa makamo kutoka Nairobi alikuwa amefungia kitambulisho, pesa na mkufu wake ndani ya sefu ya chumbani, na sefu imegoma. Safari yake ni alfajiri. Ufunguo wa dharura umetafutwa kila droo ya ofisi, hauonekani. Nikatoa kisanduku changu cha betri, nikagusisha nyaya kwenye ncha mbili zilizo chini ya vitufe, taa ikawaka. Mama akaingiza namba yake, ikakataa. Akaingiza tena, ikakataa. Nikamwomba anipishe kidogo, nikabonyeza sifuri sita. Mlango ukaachia.

Sikuambiwa ahsante. Mama alinitazama, akamtazama meneja, akauliza, "Sasa mwanangu, na hizo sifuri anazijua nani mwingine?"

"Ni fundi peke yake, mama," akasema meneja.

Mimi nikainama kukusanya vifaa, maana anayenilipa ni meneja. Hapa hanilipi mtu, basi nimjibu yule mama.

Sefu ya hotelini ina namba mbili. Ya kwanza ni yako, unaitunga mwenyewe ukifika. Ya pili ni ya mwenye hoteli, na ipo kwa sababu ya haki kabisa: wageni husahau namba zao, au huondoka wakaacha sefu imefungwa, na mgeni mwingine anaingia saa nane. Shida ni kwamba namba hiyo ya pili hutoka kiwandani ikiwa ya kitoto, sifuri tupu, au tisa tupu, au moja mpaka sita, na kijitabu cha maelezo kinachoitaja kimejaa kwenye intaneti. Anayefunga sefu anatakiwa aibadilishe siku ileile. Mimi ni fundi wa vitasa na sefu, kazi yangu ni toka Watamu mpaka Shela, na zile nilizokuta bado zina namba ya kiwandani nimeshaacha kuzihesabu. Juu ya hiyo kuna ufunguo wa dharura, ambao tundu lake hufichwa nyuma ya kibati chenye jina la sefu. Kwa hiyo milango ya kuingilia ni mitatu, na wewe una mmoja tu.

Ukiingia chumbani, kabla hujaweka kitu, fanya hivi. Funga sefu ikiwa tupu kwa namba yako, halafu jaribu sifuri sita, tisa sita, moja mpaka sita. Nyingine hutaka ubonyeze alama ya nyota (*) au reli (#) mara mbili kwanza. Ikifunguka, usiitie hata soksi, na shuka ukamwambie meneja, kwa upole, mbele ya watu wachache. Atabadilisha haraka kuliko ukimtumia barua.

Jaribio la pili ni la ngumi. Ndani ya sefu za bei rahisi, kinachozuia mpini usizunguke ni kijipini kidogo kilichosukumwa na springi. Ukiingiza namba sahihi, umeme wa betri unapita kwenye koili, koili inakuwa sumaku, inamvuta yule kijipini kwa sekunde chache, nawe unazungusha. Sasa fikiria: kitu kilichoshikwa na springi peke yake, ukikipiga kishindo kinaruka. Mtu anapiga juu ya sefu kwa kiganja huku anazungusha mpini, na kijipini kikiruka kwa nusu sekunde, basi. Hakuna mkwaruzo, hakuna alama. Sefu zilizo bora hutumia mota ndogo inayosogeza makomeo yenyewe, na hizo hazidanganyiki kwa kishindo. Utazitambua kwa mlio wake, zinanguruma kidogo zikifunga, na nyingi hazina mpini wa kuzungusha.

Jaribio la tatu, inyanyue. Sefu ya chumbani ina uzito wa kilo 10 hivi, pungufu ya mtungi wa gesi uliojaa. Imetobolewa matundu ya boliti mgongoni au chini, na boliti zinakazwa kutoka ndani ili mwizi wa nje asizifikie. Lakini nenda ukatazame imekazwa kwenye nini. Mara nyingi ni ubao wa kabati, ule wa maranda yaliyogandishwa kwa gundi, ambao unyevu wa pwani umeshaulainisha kama mkate uliochovywa chai. Lamu tabu ni nyingine. Kuta za mji wa kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene ajabu, lakini laini ndani. Boliti ya kutanuka inazunguka tu mle, inatoa unga. Inatakiwa boliti ndefu, ichimbiwe na kumiminiwa saruji, ikae siku kadhaa kabla ya kukazwa. Mwenye nyumba akisikia siku kadhaa, na msimu umeanza, anasema fundi tupia tu kabatini.

Na kuna chumvi. Hewa ya bahari inakula ncha za betri zinaota kijani, inakula springi, inakula chuma chini ya rangi. Sefu ya Nairobi inayodumu miaka kumi, hapa ikifika minne bila kuguswa imeshaanza vituko. Kufunguka ovyo ni kimojawapo.

Mtu atauliza, basi sefu ya nini? Mimi bado nazifunga na bado nazitumia nikisafiri. Sefu inazuia jicho linalopita, na mkono ulioona simu mezani ukasisimka. Haizuii mtu mwenye namba ya pili. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka ishike, kwa sababu wizi mwingi wa vyumbani ninaoitwa baada yake haujavunja kitu. Watu hutazama mlango, wakaona mzima, wakasema mgeni anazua. Kumbe mlango mzima unakwambia jambo moja tu, kwamba aliyeingia alikuwa na ufunguo au kitu mfano wake.

Kuna kisa cha Wafini wawili, Tomi Tuominen na Timo Hirvonen, watu wa usalama wa kompyuta. Mwaka 2003 mwenzao aliibiwa kompyuta kwenye chumba cha hoteli huko Berlin. Mlango haukuvunjwa na kitasa cha umeme hakikuonyesha kuwa kuna aliyeingia, hoteli ikapuuza malalamiko yake. Wale wawili wakaing'ang'ania habari hiyo miaka na miaka, mpaka mwaka 2018 wakaonyesha kwamba kwa kadi yoyote ya hoteli inayotumia vitasa fulani, hata kadi iliyokwisha muda, waliweza kutengeneza kadi kuu ya kufungua milango yote. Machi 2024 kundi jingine la watafiti likatangaza dosari kwenye vitasa vya Saflok: kadi mbili za kughushi, unagusisha ya kwanza, unagusisha ya pili, mlango umefunguka. Vitasa hivyo vilikuwa zaidi ya milioni 3 katika nchi 131. Kampuni ilikuwa imearifiwa toka 2022, na wakati wa kutangaza ni sehemu kama 36 kwa mia tu ndivyo vilivyokuwa vimerekebishwa au kubadilishwa. Siyasemi haya kumtisha mtu. Mwizi wa Malindi hana haja ya hesabu zote hizo wakati ufunguo unaning'inia mapokezi kwenye msumari, na kibao chenye namba ya chumba.

Funguo ndizo habari kubwa zaidi ya zote. Chukua zile nyumba za Malindi zinazokodishwa kupitia intaneti, nyingine mwenyewe yuko Italia na huja mara moja kwa mwaka. Ufunguo umepita kwa dalali, kwa msimamizi, kwa mpishi, kwa askari wa lango, kwa fundi wa bwawa, na kwa kila mgeni aliyelala humo. Kuchonga mwingine mjini ni dakika chache na mchongaji haulizi ni wa nani. Halafu inakuja Mei, mvua za masika, kusi inavuma, hoteli zinafungwa na watu wanaachishwa kazi mpaka Julai. Aliyeachishwa harudishi nakala aliyosahau mfukoni, na mara nyingi hata hana nia mbaya; imekaa tu kwenye kopo nyumbani mpaka siku ndugu yake aione. Kubadilisha silinda ya kitasa, yaani ile sehemu inayoingia ufunguo, hakugharimu kama watu wanavyodhani, kitasa chenyewe kinabaki palepale. Wenye nyumba niliowashawishi wafanye hivyo kila msimu ukianza wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Ukiwa ndani ufunguo wa mwenzio ni rahisi kuuzuia. Kabari ya mbao, ile ya pembe tatu, sukumia chini ya mlango unaofungukia ndani. Seremala atakuchongea kwa bei ya chai na mahamri.

Lamu nimeiweka mwisho kwa sababu naipenda na kwa sababu mambo yake ni tofauti. Nyumba nyingi za wageni mle mjini hazina vitasa vya kisasa. Mlango ni wa mbao wa mabawa mawili, ndani komeo, nje mnyororo na tumbuu, yaani pete ya chuma inayoshika mnyororo, na kufuli. Wageni wa bara hucheka. Mimi nasema huo ndio mlango pekee ambao msafiri anaweza kuja na kufuli yake na akawa na ufunguo wa pekee. Nunua ya shaba, chumvi haiiwezi upesi, yenye shingo nene. Muombe ruhusa mwenye nyumba, umwambie utamfungulia mwenyewe asubuhi chumba kisafishwe. Kisha tazama tumbuu. Kufuli nzuri kwenye tumbuu iliyokazwa kwa skrubu zinazoonekana nje ni pambo, mtu anakuja na bisibisi anatoa vyote pamoja, kufuli imefungwa vilevile.

Mwizi wa Lamu hapiti mlangoni lakini. Anapita juu. Nyumba zimeegemeana, nyingine zimeunganishwa na wikio, kile chumba kama daraja kinachovuka juu ya njia, na mtu mwepesi anatembea paa hadi paa bila kugusa ardhi. Na wageni, kwa joto, wanapenda kulala huko juu chini ya makuti, simu kando ya mto, inachaji. Dirishani nako kuna fimbo yenye ndoana: suruali iliyotundikwa karibu na nondo huvuliwa kama changu. Kitanda na nguo visogee mbali na dirisha, urefu wa fimbo na zaidi. Simu iwe upande wa ukuta.

Halafu dhahabu. Dada zetu na mama zetu wanaokwenda Lamu harusini wanabeba seti nzima, mkufu, bangili, vipuli, na nyingine si zao, ni za kuazima, ambayo ni hofu mara mbili. Usiiweke kwenye sefu ya chumbani na usiizungushe kwenye mkoba gatini, ambako hamali, jamaa na watoto wote wanavuta mizigo kwa pamoja. Njoo nayo mwilini, chini ya buibui. Ukifika, iwe amana, na amana ina adabu zake. Kabla ya safari sonara apime, upige picha kila kipande kikiwa juu ya mizani. Tia kwenye bahasha, funga, tia saini yako kuvuka mdomo wa bahasha, na mpokeaji atie yake. Akupe karatasi inayotaja kilichomo na gramu zake. Kama mwenyeji ni shangazi yako, aibu itakubana kumdai karatasi, najua. Basi mtumie zile picha kwenye simu, umwambie, "Shangazi, nimekuletea amana." Imeshaandikika.

Pesa taslimu chukua za siku mbili, zilizobaki zikae M-Pesa. Lakini weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, usitegemee ya simu tu. Laini isiyo na namba huchomolewa, ikatiwa simu nyingine, ikaanza kupokea ujumbe wako wa benki.

Na ikishatokea, jizuie kumtaja mhudumu wa chumba. Yeye ndiye wa kwanza kushikwa kwa sababu jina lake liko kwenye daftari. Mwenye nakala ya ufunguo kwenye kopo nyumbani, jina lake haliko popote. Kama mlango ni wa kadi, muombe meneja orodha ya kitasa, kinaweka kumbukumbu ya kadi gani imefungua na saa ngapi, na kwa vile kumbukumbu ni fupi za zamani zinafutika, iombe siku hiyohiyo. Sefu nyingi nazo zina kumbukumbu kama hiyo. Kisha polisi, upate namba ya OB, yaani ya daftari la matukio la kituo, na abstract, ile hati ya polisi inayothibitisha kuwa umeripoti, bila hiyo bima haikusikilizi. Nimewahi kuitwa kusoma kumbukumbu ya sefu mbele ya msichana aliyekuwa analia toka asubuhi. Ilifunguliwa saa nne usiku kwa namba ya pili. Msichana zamu yake iliisha saa kumi jioni, na namba hiyo hakuwahi kupewa.

Yule meneja wa Desemba nilimbadilishia namba usiku uleule, sefu 22, mpaka saa saba. Februari akaniita tena, betri. Nikamuuliza namba mpya ni ipi, akasema ngoja, akapiga simu mapokezi. Kijana wa mapokezi akamsomea kwa sauti, nami nikiisikia wazi, tarakimu sita za mwisho za simu ya hoteli.