Je, wajua waziri wa ardhi hana uwezo wa kufuta hati yako?

Kaa kijiwe chochote cha kahawa hapa Dar, Manzese, Mbagala, popote, ikianza stori ya viwanja tu lazima mtu amtaje Lukuvi, yule aliyekuwa waziri wa ardhi, oooh Lukuvi kafuta hati ya tajiri fulani, Lukuvi kawarudishia wananchi shamba lao. Sasa shika hii: Lukuvi hakuwahi kuwa na mamlaka ya kufuta hati hata moja.

William Lukuvi aliingia bungeni 1995 kwa jimbo la Isimani, Iringa. Akaja kuwa RC, yani mkuu wa mkoa, wetu hapa Dar, na nadhani cheo hiki ndo kinawachanganya watu, maana RC anatua kwenye mgogoro na msafara na askari, anafoka, tunapiga makofi, ila kisheria hagawi kiwanja wala hafuti hati. Januari 2015 Rais Kikwete akampa wizara ya Ardhi baada ya mama Tibaijuka kutoka, Magufuli akamwacha palepale, Samia akamkuta, mpaka Januari 2022 ndo akapumzishwa. Miaka saba, marais watatu, si mchezo.

Tatizo lipo kwenye neno kumiliki. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote Tanzania ni ya umma na Rais ndo mdhamini wake, wewe unachopewa ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, ndo maana kila mwaka unadaiwa kodi ya pango kama mpangaji vile. Ukivunja masharti, yani umeacha kiwanja mpaka pori limefika kifuani au pango hulipi, unaletewa notisi ya siku 90, ukikaa kimya Kamishna wa Ardhi anapeleka pendekezo juu, na anayefuta ni Rais. Waziri anasukuma tu faili halafu anakuja kutangaza mbele ya kamera, basi sura yake ndo inabaki vichwani.

Shangazi yangu wa Kivule nilipomweleza haya alicheka sana. Yeye hana hati kabisa, ana karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa yenye mihuri mitatu, kaikunja ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ndoa, anasema Rais atafuta nini hapo?