Je, Wajua Uzito wa Jiwe la Chokaa Huenda Wapi Linapochomwa?

Wachoma chokaa wa pwani ya Lindi na Mtwara hawakuhitaji kitabu ili kulijua jambo hili: jiwe la matumbawe huingia tanurini likiwa zito na hutoka jepesi, ingawa umbo lake halikupungua sana. Ni rahisi kusema kwamba moto umeula uzito wake. Moto haukula kitu. Kilichopungua kimetoka kikiwa gesi, na gesi nayo ina uzito.

Jiwe la matumbawe, kwa sehemu kubwa, ni kalsiamu kaboneti. Likifikia joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, huachia kabonidioksaidi na kubaki oksidi ya kalsiamu, ambayo ni chokaa kavu isiyofaa kushikwa kwa mkono wenye jasho. Lau tungechoma kilo 100 za jiwe safi, lililokauka kabisa, tungebaki na kilo 56 za chokaa, huku kilo 44 zikipaa angani. (Kuni zina hesabu yake, kwa kuwa nazo huungana na oksijeni ya hewani zinapowaka; tusizichanganye humu.)

Mkemia wa Ufaransa, Antoine Lavoisier, aliieleza kanuni hii mwaka 1789, baada ya kupima kwa mizani hata gesi ambazo wengine waliziacha zipotee: vitu hubadilika na kupangwa upya, lakini uzito wao wote kwa jumla haupungui wala hauongezeki.

Kinachonivutia zaidi hutokea baada ya tanuri. Kilo zile 56 zikimwagiwa maji hufoka kwa joto kali, hunywa kilo 18 za maji hayo, na kuwa kilo 74 za chokaa iliyolowa. Ikishapakwa ukutani, chokaa hiyo huvuta kabonidioksaidi ya hewani polepole, kwa miezi na miaka, hata kilo 44 zirejee na kilo 18 za maji zitoke. Hapo huwa tena kilo 100 za kalsiamu kaboneti, yaani jiwe lilelile, ila sasa limekaa katika umbo ambalo mwashi alilitaka. Ndivyo zilivyoshikamana kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi. Gesi iliyofungwa ndani ya lipu yake si ile iliyotoka tanurini, kwa kuwa ile ilikwisha kuchukuliwa na upepo. Ni nyingine, iliyoingia kwa kipimo kilekile pale chokaa ilipomaliza kuganda.